Kabla ya Kukemea, Shikeni Mkono

Bwana Yesu asifiwe! Nimesikia sauti za mbele tu. Wale wa nyuma mlioegemea ukuta, Bwana Yesu asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja. Shikamooni wazee wangu. Habari za asubuhi ndugu zangu. Mchungaji ameniambia niseme kwa kifupi. Mchungaji, nisamehe mapema, maana jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, na leo sirudi nalo nyumbani.

Mnanifahamu. Mimi ni Veronika, mama Kulwa, mke wa mzee Shija, wa hapa hapa Ntalikwa. Ndimi mpiga ngoma wa kwaya ya akina mama. Michembe ya viazi mnayotafuna kwenye vikao vya jumuiya, mingi imekaukia uani kwangu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili mjue anayeongea hapa si mtu wa kukaa kivulini na kuletewa maji. Mababu zangu walibeba mizigo kichwani kutoka Tabora hadi pwani na kurudi, na mimi kubeba kumo kwenye damu. Kuni nabeba, maji nabeba, gunia la karanga nabeba na mjukuu yuko mgongoni. Ukitaka kunitukana, nisaidie mzigo.

Sasa tazameni hapa, chini ya mtulinga, upande wa kushoto. Kuna uvimbe mdogo. Ndani yake kuna kifaa kilichowekwa na madaktari, na waya wake umeingia hadi kwenye moyo wangu. Moyo ukisahau kupiga, chenyewe kinaukumbusha. Najua mmekipa majina. Wengine mnasema betri, wengine redio. Shemeji yangu Maganga anakiita "ile simu". Shemeji, nimekuona unacheka.

Kwa nini nasema leo? Kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Rehema, binti wa dada Yustina, alianguka humu ndani wakati wa kusifu. Mkamzunguka, mkakemea pepo, akaamka, mkapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kule kwenye ngoma, nikasukumana na watu kama nimepagawa, nilipomfikia alikuwa ameshakaa anakunywa maji. Nikarudi nyumbani sikula. Nilikuwa nimejiona mimi mwenyewe pale chini. Dada Yustina, usiogope, sikuaibishi. Nisikilize tu hadi mwisho.

Ndugu zangu, mimi nilianza kuanguka tukiwa tunapalilia karanga. Nilikuwa nimeinama, jembe mkononi, nikamwambia mume wangu neno fulani, na neno lile sikulimaliza. Niliamka uso umejaa udongo, mzee Shija ananimwagia maji kichwani. Tukasema ni jua. Nikanywa uji wa chumvi, nikaendelea kupalilia. Mara ya pili ikawa kisimani. Mara ya tatu ikawa hapa kanisani, katikati ya pambio, nikaanguka juu ya ngoma yenyewe ikapasuka. Wenzangu wakaendelea kuimba, walidhani nimeguswa na Roho!

Ndipo maombi yakaanza. Na hapa nataka mnielewe vizuri, maana hapa ndipo palipotufunga macho sote. Kila mlipokemea, niliamka! Mikono kumi juu ya kichwa changu, "Toka! Toka!", na mimi nafungua macho, nauliza kuna nini. Nani asingeamini? Hata mimi niliamini. Nilisimama mahali hapa hapa nikashuhudia kwamba nimefunguliwa, mkaniimbia, nikalia kwa furaha. Wiki haikuisha, nikaangukia jikoni na mkono ukaungua. Kovu hili hapa.

Basi pepo akawa ametoka na kurudi, ametoka na kurudi. Nikaulizwa nimeficha dhambi gani. Nikatubu nilizozijua, zikaisha, nikaanza kutubu nisizozijua. Nikaambiwa kuna kitu cha mizimu nyumbani. Nikatafuta, nikakuta shanga alizoniachia bibi mzaa mama, nikazichoma mwenyewe. Bado nikaanguka. Ngoma ilipowambwa upya nikanyang'anywa, kwamba nitaichafua. Na lililoniuma kuliko yote, watu wakaacha kunipa watoto wachanga niwabebe. Mwanamke wa makamo yangu, mama wa pacha, nakunjua mikono nimpokee mtoto, mwenye mtoto anageukia pembeni. Mayo wee! Hilo lilinichoma kuliko jiko.

Mama Tumaini, kiongozi wetu wa maombi, usiinamishe kichwa. Sikusemi kwa ubaya. Ulifunga kula kwa ajili yangu mpaka ukakonda. Ulifanya ulilolijua, na ulilifanya kwa upendo. Nakuheshimu.

Sasa siku moja binti yangu Kulwa alikuwa anaumwa, akaniomba nimpeleke mtoto wake kliniki kupima uzito. Mume wangu akasema, "Mama Kulwa, usimbebe huyo mtoto." Nikamjibu, "Nimezaa pacha nikiwa nalima, leo nishindwe na kimjukuu kimoja?" Nikamfunga mgongoni nikaondoka, naye mzee wa watu akanifuata nyuma. Bwana anajua kupanga! Maana tulifika salama, zamu yetu ikaitwa, mtoto nikamfungua mgongoni, nikamkabidhi kwa nesi amtundike kwenye mzani. Mikono yangu ilipoachia tu, nikaenda chini.

Nesi mwenyewe alikuwa mgeni kwenye kituo kile. Anaitwa Zuhura. Ni binti wa mtaa wa Ng'ambo, mtoto wa seremala, wa familia ya Kiislamu ya mjini ya siku nyingi. Mwembamba hivi, lakini sauti yake ukiisikia utadhani anaita mtu upande wa pili wa reli. Haya ninayosema sasa nilisimuliwa na mume wangu, maana mimi sikuwepo. Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaruka, wakaanza kukemea. Zuhura akampa mwenzake mtoto, akapiga magoti, akashika mkono wangu hapa kwenye kifundo, akasema, "Mama zangu, ombeni, lakini kimya kidogo, nisikie."

Wakanyamaza. Akasikiliza kwa vidole. Hakuna kitu. Akaweka viganja vyake kifuani kwangu aanze kusukuma, na hapo hapo moyo ukagonga. Mara moja. Ukangoja. Ukagonga tena. Nikafungua macho nikauliza kuna nini, kama kawaida yangu.

Ndugu zangu, watu wengi walikuwa wamenishika kichwa. Wamenishika mabega, wamenishika miguu nisijitupe. Kumbe hakuna hata mmoja aliyewahi kunishika mkono mahali pale! Zuhura aliinama akaniambia taratibu, "Mama, ulipoanguka moyo wako ulikuwa umesimama. Unasimama kidogo, halafu unaanza wenyewe. Siku moja unaweza usianze." Nikamwambia, "Mwanangu, ni pepo." Hakunicheka wala hakubishana na mimi. Akasema, "Mimi ninachokijua ni mapigo, mama, na mapigo yako si mazuri. Leo hurudi nyumbani."

Tukapelekwa hospitali ya mjini siku hiyo hiyo. Wakanibandika waya kifuani, mashine ikachora mistari kwenye karatasi, daktari akaitazama akaacha kutabasamu. Akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Sehemu ya juu ya moyo inatuma ishara, ya chini haipokei. Ndiyo maana damu haifiki kichwani, ndiyo maana naanguka. Dawa ya kumeza haipo. Inatakiwa nipelekwe hospitali kubwa, mbali na hapa, nikawekewe kifaa.

Nikakataa! Nasema kweli mbele za Mungu, nilikataa katakata. Mtu aniwekee chuma kwenye moyo? Nikifa nizikwe na waya? Zuhura akaja jioni, amemaliza kazi yake, hakuwa na wajibu wa kuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amehudumia wodi ya wagonjwa wa moyo, akanieleza ameona wangapi wakirudi makwao, wanalima, wanazaa. Akaniuliza, "Mama, unachoogopa hasa ni nini?" Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, naogopa Mungu ataona nimemwacha nikakimbilia betri. Akasema, "Mimi si wa dini yako, mama, siwezi kukufundisha dini yako. Ila mimi kila asubuhi naomba dua kabla sijavaa glovu. Halafu navaa glovu."

Asubuhi nikakubali.

Ninyi mlichanga pesa za njiani za mume wangu, Mungu awakumbuke. Zuhura alimfundisha mzee Shija kazi ya njiani. Mshike mkono hapa, vidole viwili, usitumie gumba. Akizimia mlaze, mwite nesi aliye kwenye gari. Basi mume wangu akanishika mkono tangu tunatoka Tabora hadi tunafika, kwenye gari la wagonjwa, watu wanatuona! Miaka yote ya ndoa yetu mzee huyu hajawahi kunishika mkono hadharani. Tazameni anavyojifuta uso kwa leso. Ni jasho, siyo, mzee?

Upasuaji wenyewe sitausimulia sana, maana haukuwa mkubwa kama nilivyoogopa. Nilikuwa macho. Niliimba moyoni. Walipomaliza, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilihisi vidole vya miguu vina joto. Nikalia. Haleluya! Mngeniona mngesema nimerudi usichana.

Lakini ndugu zangu, kama mnadhani ushuhuda umeishia hapo, bado. Hospitali kubwa walitengeneza moyo wangu. Kunirudisha kwenye maisha yangu, hiyo ilikuwa kazi ya Zuhura, na ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kisu.

Kwanza nilirudi nimeufunga mkono wa kushoto kwa kanga hadi kifuani, nimeukaza. Nilikuwa nimeambiwa nisiuinue juu ya bega kwa wiki kadhaa, waya usije ukachomoka kabla haujashika. Mimi nikaelewa nisiuguse kabisa. Zuhura akaifungua ile kanga. "Mama, bega litaganda! Usitwange, usilime, usibebe ndoo, usinyooshe mkono juu. Lakini kula kwa mkono huu ukitaka, funga vifungo, jikune." Akanionyesha kuuzungusha taratibu. Akaniambia simu nisiweke kwenye sidiria upande wa kifaa, na nikiongea niiweke sikio la kulia. Nilikuwa naogopa hata kupita Ng'ambo kwenye mafundi wa kuchomelea vyuma, nazunguka mitaa mizima. Akasema, "Kupita pita, mama. Usiende kusimama juu ya mashine yao tu." Akanifundisha kuhesabu mapigo yangu mwenyewe kila asubuhi. Na akanionya: kidonda kikiwa chekundu, kikitoa maji, ukipata homa, usingoje. Tena usipake kitu chochote. Chochote, mama!

Pili, kulikuwa na habari ya umeme. Watu wa kwangu walikuwa na hakika kwamba kifaa changu kinategemea umeme wa nguzo. Umeme ukikatika, shemeji Maganga alikuwa anakuja mbio na tochi, anasimama mlangoni. "Shemeji, upo?" "Nipo." "Haya." Anaondoka. Ukikatika tena, anakuja tena. Na ninyi mnaujua umeme wetu! Nilimweleza kwamba betri iko humo humo ndani, inadumu miaka mingi, na kliniki wanaipima. Alisema ameelewa. Kesho yake umeme ukakatika, akaja.

Tatu, mama yangu mzazi akaja kutoka Usinge kuniuguza. Alikuja na ndoo ya asali. Mnaijua asali ya kule, ya mizinga ya magogo, ukiifungua nyumba nzima inanukia. Mama yangu ametutibu sisi sote kwa asali. Kikohozi asali, kuungua asali, kitovu cha mtoto asali. Alipoona mshono wangu, akauliza, "Wamekushona halafu wakakuacha hivi hivi, pakavu?" Nikamwambia nesi amekataza kupaka kitu. Akasema, "Dawa ndiyo aliyokataza. Hii ni asali." Ndugu zangu, ni mama yangu. Kanizaa. Kasafiri na ndoo kwenye basi, kaishikilia mapajani. Akawa anafunua bandeji kila asubuhi, anapaka, anafunika, ananiombea kwa Kinyamwezi. Nami nikafumba macho nikajiona mtoto.

Kidonda kikaanza kuwasha, kikawa chekundu, kikatoa maji yenye harufu. Mwili ukachemka. Siku ya kwenda kubadilisha bandeji nikashindwa kuinuka kitandani. Na hapo maneno yakaanza upya. Mwili umekataa. Mungu amekataa. Mama Tumaini akaja na kundi la maombi, wakakaa uani kwangu, akaniuliza kwa uchungu kabisa, machozi yanamtoka, "Dada Veronika, ni Mungu gani anayehitaji betri?"

Wakakubaliana nipelekwe kilimani kwa maombi ya kufunga, halafu turudi kwa madaktari tuwaambie wakitoe. Ndugu wa mume wakaunga mkono. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichwa mikononi. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka mlangoni, nawasikia wote, na homa ile ilikuwa inanivuta niseme ndiyo. Nilikuwa nimechoka. Nilifika mahali pa kusema, kitoeni, nife niitwe mwenye imani.

Ndipo pikipiki ikaingia uani. Zuhura! Aliona siku ya bandeji imepita, akanipigia simu, simu haipatikani, akapanda bodaboda. Alishuka akaona ule mkutano. Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi ningepiga kelele. Yeye alitoa viatu, akaenda kwanza kwa mama yangu, akapiga goti. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Akaja kwangu, akavaa glovu, akafunua bandeji. Akanusa. Akaiona ile ndoo.

Nikajua sasa mama yangu anakwenda kuaibishwa mbele ya wakwe. Nikamkazia macho Zuhura, kumwomba. Akasema, "Bibi, hii asali ni ya Usinge? Ndiyo maana inanukia hivi. Mpe mama anywe kwenye uji, itampa nguvu. Lakini hapa, bibi, chini ya ngozi hii, kuna njia inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye moyo wa mwanao. Asali imetoka ndani ya gogo, ina nta, ina miguu ya nyuki. Haina ubaya. Ila njia hii haitakiwi kupita kitu, hata kizuri." Mama yangu akashika mdomo. Akasema kwa Kinyamwezi, nimemuua mwanangu. Zuhura akamshika bega, "Hujamuua, bibi. Tumewahi. Leo leo tunaondoka."

Mama Tumaini akasimama, akasema haondoki mtu mpaka aombewe na kile kitu kitolewe. Basi Zuhura hakubishana. Alifanya jambo moja tu, na jambo hilo ndilo limenisimamisha hapa leo. Akamwambia, "Mama, njoo umshike mkono."

"Nimshike wa nini?"

"Njoo tu. Hapa. Vidole viwili."

Mama Tumaini akapiga magoti, akashika. Uani kote kimya, hata kuku. Akakunja uso, akatafuta, halafu nikaona macho yake yanafunguka. "Inapiga," akasema. "Inapiga sawasawa." Zuhura akasema, "Siku alipoanguka kituoni nilishika hapo hapo ulipo wewe. Sikukuta kitu. Mama, mkikitoa kifaa hiki, mtakuta nilichokikuta mimi."

Mama Tumaini hakuuachia mkono wangu. Alikaa nao. Hata nilipopakiwa kwenye gari la jirani kwenda hospitali, alikuwa ameushika, anahesabu kwa sauti, na katikati ya kuhesabu anaomba. Sijapata kusikia maombi kama yale!

Na mimi nikapata nguvu, sijui kutoka wapi, nikajibu lile swali lake tukiwa garini. Nikasema, "Mama Tumaini, Mungu haihitaji betri. Ni mimi ninayeihitaji!" Alicheka huku analia.

Madaktari waliogopa uchafu umefika ndani. Ungefika, ingebidi watoe kila kitu na kuanza upya, kama ningekuwa bado hai wa kuanzia. Wakanisafisha, wakanilaza, sindano asubuhi na jioni. Zuhura akawa anapita akitoka kazini. Hakuja na mahubiri. Aliangalia kidonda, aliangalia chati, alinifanya nihesabu mapigo mbele yake, akanitania kwamba mikono ya mpiga ngoma haikosei hesabu. Mama yangu alikaa chini, kando ya kitanda changu, hakula. Zuhura akampa kazi: kila mtu anayetaka kunigusa, mama amnawishe mikono kwanza. Ndugu zangu, mama yangu alisimama na ndoo na sabuni kwenye mlango wa wodi, hata daktari alinawishwa!

Uchafu haukufika ndani. Haukufika! Bwana ni mwema! Kidonda kikafunga, kikakauka pakavu, bila kitu juu yake. Nimerudi shambani. Ndoo nabeba. Naenda kliniki kupimwa kifaa, na kadi yake ninatembea nayo. Watoto wenu mnanipa tena nibebe. Na ngoma mlinirudishia, mpya kabisa, mmeisikia leo asubuhi.

Sasa nataka kusema na kila aliye hapa ambaye... Eh! Kipaza sauti kimekufa. Umeme umekatika.

Mnanitazama nini? Kanisa zima mmegeuka kunitazama! Shemeji Maganga, kaa chini, nimekuona unainuka. Nipo, shemeji. Nipo! Umeme wa nguzo umezimika, wangu umewaka. Naongea bila kipaza sauti, wa nyuma mnanisikia? Amina.

Basi nimalize. Namshukuru Mungu aliyenipa uhai mara ya pili, na kumwamini Yeye siachi, na ninyi msiache. Mtumainini! Mimi nilidhani atanijibu kwa njia moja tu niliyoizoea, nikakaa nangoja mlangoni, kumbe jibu linakuja kwa bodaboda limevaa mtandio. Tusimfundishe Mungu njia za kupita. Na kuanzia leo kundi la maombi tumekubaliana, Mama Tumaini ni shahidi: mtu akianguka, wengine waombe, na mmoja ashike mkono. Tena huyo wa kushika mkono ndiye anayeamua nani anyamaze.

Dada Yustina, nimefika kwako. Najua wanavyokuambia kuhusu binti yako, maana waliniambia mimi. Jana nilikwenda kwa Zuhura, nikamweleza habari za Rehema. Hajasema ni moyo. Amesema huenda ni moyo, huenda ni kitu kingine, na kwamba hatajua mpaka apimwe. Lakini amekuja. Yuko pale nje kwenye benchi, hakutaka kuingia, anasubiri ibada iishe. Kesho asubuhi twende hospitali wote, mimi, wewe na mtoto, na nikikuta umebadili mawazo nitakaa mlangoni kwako mpaka utoke. Mnanijua mimi.

Rehema, mwanangu, njoo hapa mbele. Njoo, usione haya. Kaa kwenye kigoda changu cha ngoma. Nipe mkono wako. Si huo, huu. Vidole viwili, hivi.

Na ninyi ndugu zangu ombeni. Ombeni kwa nguvu zenu zote. Lakini kimya kidogo, nisikie.